JKT Sio Gereji ya Kunyooshea Watoto

Haya jamani, nilikuwa kimya wiki mbili hizi, mnisamehe. Kazi za watu zina mambo yake. Lakini Jumapili nimetoka Mbagala kwa Bi Mkubwa na hasira, na nikisema niiache ipoe nitakuwa nimewasaliti wadogo zetu wengi tu. Kwa hiyo leo naandika na hasira zangu hivyo hivyo. Asiyependa apite.

Bi Mkubwa alinipigia Jumamosi usiku. Hakubipu, alipiga. Wenye mama zao uswahilini wanajua maana yake: hapo kuna msiba au kikao. Kilikuwa kikao. Nafika nyumbani nakuta mjomba keshakaa kwenye kochi, jirani yetu mmoja mtu mzima keshavuta kiti cha plastiki, na juu ya meza kuna karatasi imechapwa steshenari. Tangazo la vijana wa kujitolea JKT.

Mhusika mwenyewe, mdogo wangu, hakuwepo. Hivi mnaelewa? Kikao cha kuamua miaka miwili ya maisha ya mtu, na mtu mwenyewe hayupo.

"Tumeamua aende JKT," mjomba akasema. "Akanyooshwe."

Dogo ana miaka 19. Kidato cha nne kamaliza, matokeo yake tusiyaongelee. Anaamka, anaoga, anatoweka, anarudi usiku. Bi Mkubwa anaamini yuko kijiweni na wavuta bangi. Mjomba anaamini zaidi ya hapo. Na tangazo linasema mwenye elimu ya kidato cha nne asizidi miaka 20, kwa hiyo ni sasa au basi tena.

Halafu mjomba akanigeukia mimi: "Mwenyewe si ulienda, mjomba? Tazama ulivyorudi mtu."

Hapo ndipo hasira ilipoanza.

Ni kweli nilienda. Lakini mimi nilikuwa mujibu, yaani mujibu wa sheria. Nimemaliza kidato cha sita, majina yakatoka, langu likiwemo. Bi Mkubwa akanipeleka Kariakoo kutafuta vilivyotakiwa: bukta ya bluu iliyokolea isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari. Miezi mitatu nikarudi nyumbani nikasubiri chuo. Nikiwa kambini nilijua kabisa kwamba mbele yangu kuna kitu kinanisubiri. Hata nilipokuwa nagaragazwa kwenye tope nilikuwa nahesabu siku. Huwezi kuchukua miezi mitatu ya mtu mwenye chuo mbele yake ukailinganisha na miaka miwili ya mtu ambaye mbele yake hamna kitu. Ni mambo mawili tofauti, ingawa filimbi inayowaamsha alfajiri ni moja.

Na je, nilirudi "mtu"? Nilirudi mwembamba, mweusi, naamka saa kumi alfajiri bila kuamshwa. Wiki tatu tu. Wiki ya nne nikawa nalala mpaka saa tatu kama zamani, Bi Mkubwa mwenyewe ni shahidi. Hanga letu lilikuwa na jamaa mmoja mvivu kupindukia. Alikuja mvivu, akaondoka mvivu anayejua kupiga saluti. Alikuwepo na mwingine, mtoto wa mkulima, alikuja anataka jeshi tangu yuko darasa la tano. Huyo kila amri ilikuwa kama kapewa zawadi. Kambi ilikuwa moja, maafande wale wale, maharage yale yale. Kilichowatofautisha walikuja nacho kutoka nyumbani.

Hili ndilo nililomwambia mjomba, na ndilo ninalowaambia ninyi wenye wadogo na ninyi mnaoanza kuwa wazazi. Kambi inakuza kile ambacho kijana amekwenda nacho. Haina karakana ya kutengeneza ambacho hakipo. Ukimpeleka mwenye hamu atarudi na hamu iliyoiva. Ukimpeleka mwenye kinyongo, atarudi na kinyongo kilichokomaa na kifua kipana.

Naomba nisieleweke vibaya, maana najua wazalendo wa mitandaoni wanakuja. Sisemi JKT ni mbaya. Naipenda zaidi ya wengi wanaoisifia wakiwa wamekaa sebuleni. Kule nililala kitanda jirani na kijana wa Kagera na mwingine wa Mtwara, tukagawana sabuni. Nilijifunza kuwa mtoto wa waziri na mtoto wa muuza mihogo wakivaa bukta moja ya bluu huwezi kuwatofautisha mpaka wafungue midomo. Nililima. Mimi, mtoto wa Mbagala, nililima! Sijutii hata siku moja.

Ila historia yake tunaijua? Au tunaifahamu kwa mchakamchaka tu?

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Mwanzoni ilikuwa ya kujitolea. Kila nikienda kwa mama daladala inapita Barabara ya Kilwa, pale Mgulani, na pale ni miongoni mwa kambi za mwanzo kabisa. Vijana walikwenda kwa kupenda, nchi changa, watu wana moto.

Mwaka 1966 ikaja sheria ya kuwalazimisha wasomi. Someni vizuri hapo: wasomi. Wahitimu wa elimu ya juu na ya sekondari waende miaka miwili, wakae kambini kwanza, halafu muda uliobaki wafanye kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wakakasirika. Oktoba 22 mwaka huo wakaandamana mpaka Ikulu, na bango mojawapo lilisema mambo yalikuwa afadhali enzi ya mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawaka. Akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa vijijini kwao. Wengi wao walikuja kuruhusiwa kurudi chuo baadaye.

Unaweza kubishana kama Mwalimu alitenda haki. Mimi nabishana na marafiki zangu mpaka leo. Lakini angalia nani alikuwa analengwa. Alilengwa msomi, yule aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima halafu akaanza kumwona mkulima mshamba. Ndiye aliyeonekana ana hatari ya kupinda. Kijana aliyekosa kazi hakuwa mgonjwa wa dawa hii.

Sasa tazama sisi tulivyoigeuza. Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994, hali ya uchumi ikiwa mbaya, yakarudishwa Machi 2013 chini ya Rais Kikwete, hata wabunge vijana wakaenda kuvaa bukta kwa wiki chache. Sawa. Lakini huku mitaani kwetu, Mbagala, Tandika, Mwananyamala, Tandale, neno JKT limebaki na maana moja tu: mahali pa kupeleka mtoto aliyewashinda. Dawa iliyotungwa kutibu majivuno ya msomi tunamnywesha mtoto ambaye tatizo lake ni kwamba hana pa kwenda asubuhi. Hana kiburi cha kuvunjwa huyo. Kavunjwa tayari tangu siku matokeo yalipotoka!

Na niulize swali la uchokozi. Masaki na Oysterbay watoto hawapindi? Hawavuti? Hawarudi usiku wa manane? Mbona sijasikia kikao cha Masaki kinachosema "akanyooshwe"? Mtoto wa kule akiharibikiwa anabadilishiwa shule, anatafutiwa mtu wa kuzungumza naye, anapelekwa kwa shangazi nje ya nchi. Wa kwetu akiharibikiwa anatafutiwa afande. Ugonjwa ni mmoja. Wa kwao anapewa ushauri, wa kwetu anapewa adhabu, halafu adhabu tunaibatiza jina tamu: uzalendo.

Mjomba hapo akanikatiza. Akasema kitu ambacho lazima nikubali kina uzito: "Wewe unaongea kisomi. VETA Chang'ombe inataka ada. Mtaji unataka hela. JKT anakula, analala, bure. Unayo hela wewe?"

Sina. Nikanyamaza. Na ninyi mnaosoma hapa mkiwa mmekunja nne ofisini, msimcheke mjomba. Huo ndio ukweli wa nyumba nyingi. Kwa familia maskini JKT ndiyo mlango pekee usiodai ada. Na hilo ni deni la serikali, wala si la mjomba.

Lakini tukubaliane basi tuseme ukweli. Tunachotafuta ni ajira. Nidhamu tumeiweka mbele kama pazia. Nyuma ya kila "akanyooshwe" kuna mzazi anayewaza moyoni: akitoka huko atachukuliwa jeshi, au polisi, au magereza, au hata SUMA JKT alinde benki. Na kwa kweli hawaoti ndoto za mchana. JWTZ ikitangaza nafasi, matangazo yake ya karibuni yametaka waombaji wenye cheti cha JKT. Mlango upo. Ila cheti ni ruhusa ya kupanga foleni. Nafasi ni kitu kingine.

JKT wenyewe hawajaficha. Kwenye matangazo yao wamekuwa wakieleza wazi kwamba hawahusiki kuwatafutia vijana ajira kwenye vyombo vya ulinzi wala kwingineko, wanawapa mafunzo ya kujitegemea. Limeandikwa kwenye karatasi ile ile iliyokuwa juu ya meza ya Bi Mkubwa. Niliwasomea kwa sauti. Jirani akasema, "Hayo wanaandika tu."

Wanaandika tu! Mwaka 2015 wahitimu wa JKT walijikusanya hapa Dar kudai ajira, wakakumbana na polisi. Aprili 2021 likatokea kubwa zaidi. Jeshi likatangaza kusitisha mikataba ya vijana 854 wa JKT waliogoma na kuandamana. Walikuwa wametumika kwenye kazi za ujenzi Dodoma, na walidai waliahidiwa ajira. Jeshi likasema ule ni utovu wa nidhamu, na kwa sheria za kijeshi hapana mjadala. Vijana 854 wakarudi nyumbani. Kila mmoja wao ana mama. Kila mmoja alishawahi kuwa na kikao kama chetu, na bila shaka kulikuwa na jirani aliyesema wanaandika tu.

Hapo sijawagusa matapeli. Mtaa wa tatu kutoka kwetu kuna mama aliuza cherehani yake, cherehani iliyokuwa inalisha nyumba, akampa mtu aliyejifanya ana mkubwa wa kumpenyezea mwanawe "nafasi". Hakuna nafasi, hakuna mtu, namba haipatikani. Maombi ya kujitolea yanapitia ofisi za wilaya na mkoa unakoishi, hayauzwi. Ukiambiwa utoe hela ya nafasi, kimbia.

Basi nifanye kazi ya maana badala ya kulalamika tu. Kama una mdogo wako au mwanao na mnaifikiria JKT, kaeni chini, NA YEYE AWEPO, mjiulize haya.

Kwanza, nani anataka? Kama jibu ni "baba yake", simameni hapo hapo. Kijana anayetaka atakuwa keshauliza mwenyewe, keshawatafuta waliotoka huko, anajua kambi kwa majina. Asiyetaka atakwenda kwa woga, na woga una kawaida ya kutafuta tundu la kutorokea.

Pili, afya yake mnaijua? Si kusema tu "mzima". Ana pumu? Ana selimundu? Aliwahi kuvunjika mguu? Kule watu wanakimbia kabla jua halijatoka na hawaulizani habari. Mpimeni kabla hamjampeleka. Kwa mujibu wenye ulemavu unaoonekana, JKT huwaelekeza kambi ya Ruvu, Mlandizi, kwa sababu ndiyo yenye miundombinu ya kuwahudumia. Lakini pumu haionekani kwa macho, ni ninyi mnaoijua.

Tatu, anaelewa ni miaka miwili? Kujitolea si ile miezi mitatu niliyokwenda mimi. Marafiki watasonga, biashara ndogo aliyoanza itakufa, mchumba naye... haya, hilo mtajaza wenyewe.

Nne, kama ni binti, je, amefundishwa kwamba amri ya mkubwa ina mpaka? Popote ambapo mmoja ana cheo na mwingine hana, iwe kambini, shuleni, ofisini, hata kwenye vyumba vya habari tunakofanya kazi, binti anatakiwa ajue nini si amri halali, na ajue nani atamwambia. Wazazi wengi tunamfungia shuka mbili na dumu la maji, hili tunaona aibu kulitaja.

Tano, na hili ndilo kubwa. Siku atakayoshuka kituoni na begi lake, miaka miwili imekwisha, ajira haikuja, mna mpango gani? Kama kule atajifunza kufuga au kulima, shamba liko wapi? Kama atajifunza ujenzi, nani atampa kazi ya kwanza? Usiponijibu hili, basi hujampeleka kokote. Umeahirisha tu kikao chako kwa miaka miwili.

Baada ya kuyasema yote haya nikatoka kwenda kumtafuta Dogo mwenyewe. Nilidhani nitamkuta kijiweni. Nikazunguka vijiwe vyote, hayupo. Bodaboda mmoja akaniambia, "Mdogo wako? Yuko kwa fundi aluminiamu, kule nyuma ya msikiti."

Nikamkuta amepiga magoti sakafuni, penseli sikioni, anapima fremu ya dirisha. Yupo pale tangu Januari. Anapewa elfu tatu kwa siku, siku nyingine hapewi. Vumbi la vyuma kichwa kizima. Ndiyo maana anaoga asubuhi, anaoga tena kabla ya kurudi, ili nyumbani wasijue kama hajapata "kazi ya maana".

Nikamwambia habari ya kikao. Hakukasirika. Aliendelea kupima, halafu akasema, "Braza, nyie mnataka nikanyooshwe. Kuna aliyeniuliza kama nimepinda?"

Sikuwa na jibu. Mimi mwandishi wa habari, kazi yangu kuuliza maswali, mwaka mzima sijamuuliza mdogo wangu anakwenda wapi akitoka nyumbani. Naandika habari za vijana kila wiki! Kwa hiyo hasira niliyoanza nayo juu ya mjomba, nusu yake ni yangu mwenyewe.

Tulirudi wote nyumbani. Bi Mkubwa aliposikia habari ya aluminiamu alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Mbona hukusema, mwanangu?" Dogo akajibu kwa adabu kabisa, "Mama, kila nikianza kusema mnaniambia nikaoge nije tuongee. Halafu hatuongei."

Wala msidhani hadithi imeishia kwa JKT kushindwa. Dogo aliichukua ile karatasi akaisoma yote, mstari kwa mstari, jambo ambalo wakubwa waliokuwa kwenye kikao hawakulifanya. Kisha akauliza maswali mawili. Kwamba akienda, yale mafunzo ya ufundi watakayompa yatakuwa ya kitu gani? Na kwamba miaka miwili ikiisha, fundi atakuwa bado ana nafasi yake? Mjomba akakohoa. Mimi nikasema nitaulizia la kwanza. La pili alisema atamuuliza fundi mwenyewe.

Mwisho wa kupeleka barua wilayani ni Ijumaa. Karatasi tumemwachia yeye. Akienda nitamnunulia raba mwenyewe na nitamsindikiza. Asipoenda nitamtafutia wateja wa madirisha, kwa hiyo ninyi mnaojenga Chanika, Kigamboni na Bunju anzeni kujiandaa.

Haya, ngoja niishie hapa, kesho naamka mapema. Ila kabla hujalala leo, kama una mdogo wako nyumbani, mpigie. Usimbipu, mpigie. Muulize siku yake ilikwendaje, halafu nyamaza umsikilize.

Alamsiki.